Gonga Tatu, Simama

Jumapili hiyo jioni kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Kulijaribu gari: kupanda mlima mpaka kwenye kibanda cha mizimu cha kona ya saba, kugeuza, kurudi. Wali wa kunata ungekuwa bado wa moto kikapuni. Fundi Sanguan alikuwa amewafanyia wateja kazi ya namna hiyo miaka nenda miaka rudi, ila safari hii mteja alikuwa Phikun, mwanawe wa pekee.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, la vijana wapenda mbio, na lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wasiojulikana idadi. Phikun alilinunua bila kumuuliza baba yake. Mji mzima wa Phrae unamjua Sanguan kwa masikio yake, yeye mwanawe anakwenda kununua gari linalolia nyuma. Mzee alinuna siku mbili. Siku ya tatu akavaa ovaroli.

"Lina maneno kuliko shangazi Somjit," Phikun alimwambia huku akicheka. "Ila Baba, kesho alfajiri naondoka. Saa mbili niko darasani nafundisha, huko mjini Nan. Nikichelewa tena mwalimu mkuu atanila mzimamzima."

"Utaondoka likinyamaza."

Na alilinyamazisha, au karibu. Aliliinua kwa jeki, akaweka ncha ya bisibisi karibu na gurudumu na mpini wake sikioni. Mvumo uliopanda na mwendo na kuzidi gari likikata kulia ulikuwa wa beringi ya kushoto. Akatia mpya. Mlio uliosikika kila mafuta yakikanyagwa na kuachiwa ulitoka kwenye bushi ya difu, raba inayoishikilia, iliyopasuka. Nayo akabadilisha. Mvumo ukaisha, mlio ukaisha.

Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichogonga. Hakikufuata gia, wala mafuta, wala mashimo ya barabarani. Kiligonga gari likienda taratibu. Kiligonga pia likiwa limesimama, injini imezimwa, karakana tupu.

Hilo la mwisho hakumwambia mwanawe.

Iko njia ya zamani ya kuitafuta sauti ya nyuma, ambayo mafundi wa siku hizi wanaicheka. Fundi analala ndani ya buti, kifuniko kinafungwa, mwenzake anaendesha. Humo ndani injini iko mbali, kinachobaki ni chuma na sikio. Wanazungumza kwa kugonga.

"Nikumbushe," Sanguan alisema akiwa ameshajikunja, magoti kidevuni.

"Moja, niongeze mwendo. Mbili, niachie mafuta. Tatu, nisimame." Phikun alimwinamia. "Baba, una miaka sitini na moja. Ukikwama humo nikutoe na nini, mafuta ya kupikia?"

"Mama umemwomba?"

"Nimemwomba. Kila Ijumaa shada jipya. Ananipenda kuliko wewe."

Kwenye usukani alikuwa amefunga utepe wa rangi tatu na kuning'iniza shada la yasmini, kama inavyompasa kila mwenye gari kumfanyia Mae Ya Nang, Mama anayekaa ndani ya gari na kulilinda.

"Haya, funga."

Kifuniko kikashuka.

Giza... harufu ya raba, na ya mafuta mapya ya difu. Matairi yakaacha changarawe na kushika lami. Sanguan alifumba macho, ingawa haikuwa na maana, na kusikiliza. Beringi safi. Difu safi. Alijisifu kidogo kimoyomoyo, maana fundi asipojisifu mwenyewe nani atamsifu. Akagonga moja.

Gari likaongeza mwendo. Hakuna mvumo. Kona ya kwanza, kona ya pili.

Ko.

Sauti ilitoka karibu na miguu yake. Kabla hajaiwazia, gari liliongeza mwendo.

Ko.

Likaongeza tena. Ana haraka gani mtoto huyu, alijiuliza, na mlima wenyewe huu? Kona ya tatu ilimbamiza ubavuni mwa buti.

Ko.

Injini ilinguruma, na hapo Sanguan akaelewa. Phikun alikuwa anatii. Anasikia moja, anaongeza. Anamtii baba yake.

Ila baba yake hakuwa amegonga.

Haraka haraka akagonga tatu kwa ngumi. Mwendo ulianza kupungua. Kisha, kutoka upande wa pili, ikaja ya nne, taratibu kabisa. Gari likasita... likachapuka upya. Akagonga tatu tena. Ya nne ikafuata tena. Alipiga kelele mpaka koo likauma, lakini ekzosi ya gari lile ilikuwa inanguruma kuliko mtu yeyote. Kona ya nne. Baada yake kuna ya tano, ile ambapo malori huishia bondeni, na Sanguan alikuwa ameshakwenda mara mbili kusaidia kuyavuta.

Ndipo akasikia harufu. Nywele zilizoungua, na chini yake yasmini iliyooza.

Mgongoni pake, palipokuwa na chuma tu, palikuwa na mtu. Amelala kama alivyolala yeye, amejikunja kama alivyojikunja yeye. Baridi yake ilipenya ovaroli.

Alitaka kujisogeza, mkono wake ukafunua zulia la buti, na vidole vikagusa mshono wa chuma ulioungwa kwa moto. Nusu ya mbele ya gari moja, nusu ya nyuma ya gari jingine. Kila fundi wa kuchomelea ana mwandiko wake. Huu ulianzia kushoto, matone madogo madogo, na kila baada ya shubiri moja fundi aliruka kidogo ili chuma kisipinde. Sanguan aliusoma kwa vidole gizani, akarudia kuusoma.

Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe.

Miaka kumi na mmoja nyuma alichomelea nusu mbili ziwe gari moja, kwenye yadi moja ya vyuma chakavu huko Uttaradit. Rangi haikuwa hii. Nusu ya nyuma ilikuja na utepe wa rangi tatu umefungwa kwenye bawaba ya buti, juu yake umezungushiwa uzi mweupe uliobarikiwa na watawa. Jambo hilo lilimshangaza, maana hakuna mtu anayefunga utepe nyuma. Mama anakaa mbele. Anayefunga nyuma hafanyi hivyo kwa heshima, bali ili kitu kisitoke. Sanguan alilijua hilo tangu utotoni. Lakini utepe ulikuwa njiani mwa moto wake na jua lilikuwa linazama, akaukata kwa koleo na kuutupa kwenye pipa la oili chafu. Hata viganja hakuviunganisha kuomba radhi.

"Ni mimi niliyekata," alinong'ona. "Mtoto hana kosa. Mwache. Mimi nipo."

Matairi yakaanza kulia kwenye kona ya tano.

"Utakaa?"

Ilikuwa sauti ya kike, au ya mtoto. Ilitokea nyuma ya sikio lake.

"Nitakaa."

Ko. Ko. Ko.

Breki zikashikwa mpaka kichwa chake kikagonga chuma. Gari likasimama.

Phikun alifungua buti. Nyuma yake mwanga wa mwisho ulikuwa umebaki bondeni, na gurudumu moja la mbele lilikuwa limeshatoka kwenye lami.

"Baba, umerukwa na akili? Ongeza, ongeza, ongeza, kwenye kona ya tano?" Alianza kulia. "Na kwa nini ulikuwa unagonga kwenye kiti changu? Hapa, mgongoni kabisa."

Toka alipolala, mkono wa Sanguan usingeweza kukifikia kiti kile. Alimkumbatia mwanawe kwa nguvu, na hofu yake yote aliisikia pale, sio ndani ya buti.

Alfajiri Phikun alipanda basi. Sanguan aling'oa magurudumu yote manne, akaliweka gari juu ya stendi mwisho wa karakana, akafunga utepe mpya kwenye bawaba. Mtawa alikuja kunyunyiza maji, akauliza aliyefunga utepe wa kwanza ni nani. Sanguan alikwenda Uttaradit kuulizia. Yadi ilikuwa imegeuka kitalu cha miche. Mama mmoja jirani alikumbuka kwamba gari lililotoa ile nusu ya nyuma lilikutwa msituni, buti limefungwa. Alipoulizwa ndani kulikuwa na nini, aliinuka kwenda kukoroga chungu chake na hakurudi.

Siku kumi zilipita kwa amani. Siku ya kumi na moja, jua linazama, Phikun alipiga simu.

"Baba, nimeazima gari la mwalimu mwenzangu. Kuna kitu kinagonga nyuma. Moja. Kinanyamaza. Moja tena. Itakuwa nini?"

"Simama. Shuka. Usikate simu."

Alikwenda mwisho wa karakana, akaingia kwenye buti, akaweka spana ukingoni ili kifuniko kisijifunge. Akagonga tatu. Akangoja. Mgongoni pake zikajibiwa tatu, pole pole.

"Kimenyamaza," Phikun alisema. "Baba, umefanyaje?"

"Ni beringi hiyo. Zinakaaga sawa zenyewe."

Tangu hapo hakuna jioni aliyokosa. Wateja wanadhani mzee analala, na wanamtania kwamba siku hizi anatunza gari kuliko mke. Yeye anacheka nao. Kufa hakumwogopeshi sana. Kinachomkosesha usingizi ni swali la nani atalala pale yeye akishakufa, na kila anapolitafuta jibu anakutana na jina moja tu, na anaamka kwenda kunywa maji.

Mwaka wa pili, jioni ya kuamkia Songkran, sikukuu ya mwaka mpya, Phikun alisema anakuja nyumbani na gari lake jipya, la dukani, halijawahi kuguswa na mtu. Mama yake alikuwa ameshaanza kutwanga pilipili. Sanguan aliingia kwenye buti mapema kuliko siku zote, na shada jipya la yasmini mkononi. Akagonga tatu.

Akangoja.

Baridi haikuwepo. Mgongoni pake palikuwa na chuma tu.

Akagonga tatu tena, kwa nguvu. Jibu lilikuja kutoka mbali sana, kama vile barabara nzima ya mlimani ilikuwa katikati yao.

Ko.

Alitoa simu. Ya Phikun iliita, ikaita, mpaka ikakatika.