Betri ya Wifi

Jambo hili lilimpata rafiki yangu, fundi cherehani, na akilisimulia bado hushusha sauti. Yeye na wifi yake, majirani wa ukuta mmoja, walinunua betri za akiba za aina moja, duka moja. Yake ikafa kabla ya mwaka. Kila alipowapigia simu watengenezaji, jibu lilikuwa lile lile: "Ichomoe mama, kisha uichomeke tena."

Kila umeme ulipokatika, alikaa gizani na gauni la bibi harusi lisiloisha mapajani, huku dirisha la wifi likiwaka. Kijicho kikamla.

"Wifi yangu, labda betri yako haikupendi!" mwenzake alimtania.

"Cheka tu. Yako ipo njiani."

Wifi aliposafiri alimwachia ufunguo amwagilie maua. Fundi akabadilisha betri: nzima akaichukua, mbovu akaiacha pale pale sakafuni, bila kuiunga na waya wowote. Nani angejua? Zilifanana kama pacha.

Jioni ile umeme ukakatika. Akaiwasha betri ya wifi. Ikalia mlio mmoja mrefu, ikafa.

"Hata wewe?" akanong'ona.

Alikuwa angali ameinama gizani aliposikia mvumo mwembamba ng'ambo ya ukuta. Akachungulia nje. Dirisha la wifi lilikuwa linawaka. Akapapasa mfuko wa gauni lake, akaukuta ufunguo umo.

Kisha, ndani ya nyumba ile tupu, cherehani ikaanza kushona taratibu.

Wifi yake hajawahi kuwa na cherehani.