Pingamizi la Bi Sindano

Bi Sindano, kama wateja walivyomwita, alikuwa akishona gauni barua ya ofisi ya kodi ilipofika. Binti yake aliisoma kwa sauti. Walidaiwa kodi ya duka la ushonaji, na ya karakana ya useremala pia.

"Karakana ipi?" binti akashangaa. "Baba si alifariki mwaka juzi?"

Mama akafunika cherehani. "Tuiuze cherehani hii tulipe. Mwenye nguvu mpishe."

Jirani yao aliingia kuchukua gauni lake. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa baraza la rufaa za kodi. Aliisoma ile barua, akatikisa kichwa.

"Usiuze kitu, shoga. Haya ni makadirio, si hukumu. Kodi ya duka ni halali, ilipe. Ya karakana iandikie pingamizi kabla muda uliotajwa hapa haujaisha. Eleza kosa, ambatisha ushahidi, na usitoke bila nakala yenye muhuri."

"Wakikataa?"

"Unakata rufaa kwenye baraza. Usiporidhika, mahakama ipo. Lakini ukinyamaza, deni linakuwa lako."

"Na ushahidi ni upi?"

"Cheti cha kifo cha shemeji."

Bi Sindano akainamisha kichwa. "Nilijua napaswa kwenda kuifunga biashara yake," akasema kwa sauti ndogo. "Sikuweza. Niliona kama namzika mara ya pili."

Jirani akamshika mkono. "Basi safari hii tutakwenda wote."

Wakaandika pingamizi pamoja. Kesho yake wote watatu wakalipeleka ofisi ya kodi. Ofisa alilisoma, akakitazama cheti.

"Pole sana, mama. Hatukuwa na taarifa. Tuifunge karakana kwenye kumbukumbu zetu?"

Bi Sindano aligusa jina la mumewe kwenye cheti. Binti akamwegemea begani.

"Ifunge, mwanangu," akamwambia ofisa. "Mwenyewe ameshapumzika."

Ofisa akagonga muhuri kwenye nakala yao, akawaambia wasubiri majibu kwa maandishi.

Majibu yalikuja: deni la karakana limefutwa.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, mama alimsimulia binti habari za baba yake. Eti siku ya kuja kuposa alifika na randa mkononi, kasahau kuiacha kazini! Walicheka hadi jirani akachungulia dirishani, akidhani wamepata wageni.