Askari Waliosahaulishwa

Kisahaulishi kilinguruma kidogo, kikafyonza tone la damu ya Salha na kuonyesha ukutani askari wa kinga ya mwili wake, kila mmoja na adui anayemkumbuka. Wengi walikumbuka mambo ya kawaida, mafua ya mwaka jana au surua ya kwenye chanjo. Kundi moja liliwaka jekundu.

"Hao ndio wakorofi," alisema Daktari Rukia Mshangama. Ndiye aliyekiunda chombo hicho, na picha ya mikono yake laini ilibandikwa kila kituo cha treni jijini Tanga. "Mtoto aliumwa koo karibuni?"

"Mafindofindo," alijibu Bi Mwanahawa, bibi yake Salha. "Yalipopoa tu, madoa yakamjaa mwili mzima."

Rukia alieleza kama alivyozoea. Bakteria wa koo wana protini inayofanana na ya ngozi. Askari walijifunza kuishambulia, na bakteria walipokwisha wakaigeukia ngozi yenyewe. Wagonjwa wengi hupona taratibu, wengine hubaki na madoa miaka nenda miaka rudi. Kisahaulishi kingewafutia askari hao kumbukumbu, mambo yakaisha.

"Alhamdulillahi," alisema bibi. "Shuleni wanamkimbia."

Akafungua chupa ya chai, akajaza kikombe. Salha alikunywa nusu, kisha akamnyooshea daktari kikombe kwa mikono miwili yenye magamba.

"Nimekubakizia."

Rukia alirudi nyuma, akaishika barakoa yake. Uso wa bibi ulibadilika.

"Ahaa! Kumbe na wewe unatuona tuna ukoma."

Rukia angeweza kusema ameshakunywa chai. Wengi alikuwa amewajibu hivyo, tena kwa tabasamu. Safari hii aliona aibu.

"Sivyo, mama. Mimi ndiye wa kwanza kusahaulishwa. Askari wangu hawawajui tena bakteria wa koo, wala hawajifunzi upya. Bakteria hao wakiniingia, watafika mpaka kwenye moyo."

"Na hilo mbona hamlisemi?"

"Watu huuliza habari za ngozi tu."

Salha alikuwa bado ameshika kikombe. "Nyumbani unakula na nani?"

"Wanangu wanakula sinia moja na baba yao. Mimi nakula chumbani."

Mtoto aliitazama ile mikono laini kwa muda, kisha akateremka kitandani.

"Mimi nakula na bibi," alisema.

Bi Mwanahawa aliuliza kama kuna dawa ya kupaka. Rukia akasema ipo, pamoja na tiba ya mwanga, ila huchukua muda na pengine isimalize madoa yote.

"Tutasubiri," alisema bibi.

Rukia alizima chombo. Kabla ya kuondoka, bibi alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akakiweka mezani.

"Hiki hakijaguswa na mdomo wa mtu, mwanangu."

Rukia alingoja mlango ufungwe, ndipo akavua barakoa na kunywa.