Neno la Kuiamsha Kompyuta ya Ushirika

Wananchi wenzangu, akina mama, akina baba, na wewe unayesoma huku ukitafuna karanga: taifa letu lina maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi. Mimi Benedikta, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nimemvumbua wa nne. Nilimvumbua nikiwa chini ya meza, natafuta kiatu.

Nyumba yetu ya Mtendeni ilikuwa na amani. Mama yangu, Leonia, ni mpiga chapa wa ushirika wa warina asali, na kila jioni alitusimulia nani wa Ipole kaumwa na nyuki na kaumwa wapi. Mwaka 1985 wafadhili wakaleta kompyuta. Taipureta ikapelekwa tawi la Usinge, na amani ikaondoka nayo.

Karani mkuu, Bwana Raymundi, ndiye pekee aliyejua kufungua programu zake mbili, ya barua na ya orodha ya wanachama. Amri zilikuwa sita, zote kwenye kijidaftari mfukoni mwa shati lake. Kila asubuhi alifukuza watu.

"Tokeni nje. Mashine inaamka."

"Kwani inaamka uchi?" aliuliza Mzee Mahona, mrina asali. Watu wakacheka, lakini wakatoka.

Kisha Bwana Raymundi akaenda Dodoma wiki mbili, na kijidaftari chake. Lori la asali likakwama, kwa kuwa hati ya mzigo ilikuwa ndani ya kompyuta. Kamati ikamwambia mama: Ijumaa ikifika haijafunguka, atatafutwa mpiga chapa mwingine. Jioni ile mama alikaa jikoni bila kuwasha moto.

Nilikuwa likizo. Nikamfuata ofisini, na hapo ndipo kiatu changu kilipoponyokea chini ya meza. Nikakuta kitabu cha maelezo ya kompyuta kimewekwa chini ya mguu mfupi wa meza. Nilikisoma siku mbili, na amri zote sita zilikuwamo. Kilisema unaweza kuandika amri zote kwenye faili moja, mstari kwa mstari, kisha ukalipatia faili jina. Ukiandika jina hilo tu, mashine inazitekeleza yenyewe.

Alhamisi nikaliandika faili, kisha nikaandika jina lake. Kioo kikaonyesha: SHIKAMOO MAMA LEONIA.

"Marahaba," mama akaitika, kabla hajajishika.

Programu ya barua ikafunguka. Alipoifunga, ya orodha ikafuata bila kuitwa. Hati ikachapwa, lori likaondoka.

Jumatatu iliyofuata shule ilifunguliwa, nikarudi bwenini. Siku hiyohiyo Bwana Raymundi akarejea.

"Nani kagusa mashine yangu?"

"Ya ushirika," mama akamjibu bila kuinuka. "Na leo hatutoki. Ifungue hapa tukuone."

Mzee Mahona akavuta kiti, akaketi.

"Ifungue wewe, hodari," akasema Bwana Raymundi. "Kamati hii hapa, inakutazama."

Hapa nilipanga kumalizia kwa ushindi mnipigie makofi. Lakini mama ameusoma ukurasa huu, amesema niandike yote.

Mama hakuweza. Nilipokuwa naandika lile neno, jina la faili, kila asubuhi, nilimwambia afumbe macho. Bila mimi hakuna kazi, na kwa hiyo sikuosha sahani hata moja mpaka likizo ikaisha.

Aliomba saa moja, akaja shuleni kwa miguu, akasimama mlangoni mwa darasa la Mwalimu Kashindye.

"Bene. Neno."

Darasa zima likanigeukia.

"VYOMBO, mama."

 Kisha akarudi ofisini, akaliandika mbele ya kamati, na akaliandika tena ukutani kwa chaki, herufi kubwa, kila mtu alione. Mzee Mahona alikuwa wa pili kulijaribu.

FUNZO

Anayeficha ujuzi ili ahitajike anawatesa watu wake. Usitoke nje. Vuta kiti, utazame, uulize. Adui wa nne nilimwona mfukoni mwa Bwana Raymundi, nami nilikuwa naye kichwani mwangu. Nakiri. Likizo ijayo nitaosha vyombo vyetu vyote, na vya jirani pia. Hilo la jirani ni amri ya mama.