Sponji Isiyooshwa

Wifi yake ndiye aliyemwambia Fundi kwanza. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ya kawaida kabisa, mmoja anapiga deki varanda ya studio na mwingine anatafuta funguo kwenye mkoba uliojaa nepi. Wifi akaacha kudeki, akasema kwamba ile sponji ya maikrofoni imeamka imelowa. Ijumaa jioni aliiacha kavu. Tangu hapo hakuna aliyeingia. Leo ameigusa kwa bahati mbaya akifuta vumbi, nayo imemwachia kitu vidoleni.

"Kitu gani, wifi?"

"Mate. Tena bado yana joto."

Fundi alicheka. Karibu wote walimwita Fundi, hata mumewe, kwa ajili ya kazi yake ya kurekodi na kusafisha sauti. Alimtania wifi yake kwamba huenda paka wa jirani ameanza mazoezi ya kwaya. Wifi hakucheka. Alinusa vidole vyake, akaenda kunawa mara ya pili.

Mwezi ule walikuwa wanarekodi albamu ya Mama Mdogo, mdogo wake marehemu mama yake Fundi, aliyemlea tangu ana miaka minne. Mama Mdogo alikuwa mwimbaji wa opera. Kwa miaka ishirini na mitano alisimama jukwaani bila maikrofoni, na sauti yake ikamfikia hata bawabu wa lango la nje. Fundi alipokuwa mtoto, hakutumwa mtu kumtafuta wakati wa chakula. Mama Mdogo alisimama mlangoni, akajaza kifua, akaliita jina lake kwa mkupuo mmoja mrefu, na huko mtaa wa tatu watu wakamwambia mtoto, "Kimbia, unaitwa." Fundi hakuwahi kupotea. Sauti ile ilikuwa nyumba yake.

Lakini umri hauna adabu. Sauti za juu zilianza kukatika, na kundi lake likampumzisha kwa hotuba na shada la maua. Kilichobaki ni albamu hii ya nyimbo zinazopendwa, zile za harusini na za kwa vinyozi. Isipopokelewa, basi tena.

Shida ilikuwa ukubwa wa sauti. Nyimbo hizo huimbwa kama watu wawili wanaonong'ona kwenye mto mmoja. Yeye akiziimba, zilitoka kama tangazo la moto. Wakamrudisha nyuma hatua mbili, kisha nne, mwisho akawa anaimba ameegemea mlango. Ndipo mwenye studio alipofungua droo, akatoa sponji nyeusi ya kufunikia maikrofoni. Ilikuwa ya mwimbaji mmoja marehemu, aliyependwa kuliko wote waliopita pale. Tangu afe, kila aliyetaka wimbo wake upendwe aliimbia sponji ile, midomo ikiigusa. Sharti lilikuwa moja tu: haioshwi. Walisema anayeiosha anaosha bahati.

Miaka thelathini ya mate ya watu. Fundi aliitazama, akaona ukoko wa njano katikati, umepasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Akanyoosha mkono kuiondoa. Lakini Mama Mdogo alikuwa ameshaisogelea.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, kosa ambalo mgeni wa kazi hii hawezi kuliona. Waimbaji wa redio huvuta pumzi ndogo ndogo kwa pua, kama mtu anayenusa chai, kisha huitolea kwenye maikrofoni. Mwimbaji wa opera huvuta kwa mdomo wazi, mpaka tumboni. Wote waliotangulia waliipulizia sponji ile.

Mama Mdogo aliivuta.

Sauti iliyotoka ilikuwa laini, changa, tamu kupita kiasi. Mwenye studio alilia waziwazi, akajifuta kwa tai. Zikapita nyimbo tisa kwa wiki mbili, na kila mtu akafurahi. Fundi naye alifurahi, mpaka Jumatatu ile ya wifi.

Sehemu ya kazi yake ilikuwa kuondoa uchafu. Kati ya mstari na mstari wa wimbo kuna pumzi inayovutwa, ulimi unaonata kwenye kaakaa, mate yanayomezwa. Msikilizaji hatakiwi kuyasikia. Siku zote aliyakata bila kuyasikiliza, kama mtu anavyopara samaki huku anaongea. Siku hiyo alivaa hedifoni, akayasikiliza.

Katika wimbo wa kwanza, Mama Mdogo alimeza mate. Kisha akameza tena.

Mara ya pili haikuwa yeye. Ilikuwa nzito zaidi, ya taratibu, kama mtu anayelamba sahani ya mwenziwe. Katika wimbo wa nne ilikuja kila mstari. Katika wimbo wa tisa haikungoja tena zamu yake. Ndimi mbili zilikuwa zinasuguana ndani ya mdomo mmoja.

Fundi alivua hedifoni, akakimbilia msalani.

Mama Mdogo alipofika saa nne, alikuwa ameshika kitambaa kidevuni. Udenda ulikuwa unamtoka na yeye hana habari. Alipomkumbatia Fundi, pumzi yake ilinuka maji ya vyombo yaliyolala. Fundi alimvuta pembeni, akamwomba waiondoe ile sponji, wairudie kazi yote, hata kama ni kuimbia mlangoni.

"Niache, mwanangu," Mama Mdogo alinong'ona. Siku hizi alikuwa ananong'ona tu. "Nimeimba miaka ishirini na mitano watu wakisinzia mpaka wakati wa makofi. Mwenye studio huyu amelia. Umemwona?"

"Basi niite. Kama zamani. Mara moja tu."

Mama Mdogo alifungua kinywa. Fizi zilikuwa zimefunikwa na utando wa kijivu, wenye vitundu vidogo vidogo. Akakifunga.

"Kesho," alisema. "Umebaki wimbo mmoja."

Wakaurekodi mchana huo. Mwenye studio alikuwa nje, anaongea na simu. Wimbo ulipokwisha, Fundi alimwomba Mama Mdogo asimame vilevile, asipumue kwa nguvu. Ndiyo desturi ya kazi. Mwisho wa kila siku hurekodiwa kimya cha chumba, nusu dakika, ili kizibe mapengo pale uchafu unapokatwa.

Mama Mdogo alifumba mdomo. Fundi akabonyeza kitufe.

Kimya.

Kisha, kwenye hedifoni, kitu kikalamba.

Fundi aliinua macho kwenye kioo kinachotenganisha vyumba viwili. Midomo ya Mama Mdogo imefumbwa. Mashavu yanacheza. Yanasukumwa kutoka ndani, huku na huku. Na ule wimbo, mtamu, mchanga, ulikuwa umeanza tena.

Kutoka kwenye midomo ile uzi wa ute ulikwenda mpaka kwenye sponji. Haukukatika. Ulikuwa unavutwa. Mama Mdogo aliufuata taratibu, kichwa mbele, macho yamelegea, akaipokea sponji mdomoni kama mtoto anavyopokea ziwa.

Akaing'oa. Akatafuna. Mate meusi yakamwagika shingoni.

Akameza.

Fundi alipofika ndani, maikrofoni ilikuwa tupu, chuma kitupu. Mama Mdogo alijifuta mdomo kwa adabu, akakunja kitambaa, akachukua mkoba wake.

"Asante, Fundi," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alimwita mwanangu, au jina lake.

Akaenda zake kwa miguu, nyumbani kwake, mitaa mitatu kutoka kwa Fundi.

Asubuhi yake Fundi alikuwa uani kwake, mtoto kwenye bega la kulia, anaanika nepi. Mumewe alikuwa bombani anapiga mswaki. Jua limetoka, majirani wanasalimiana.

Akaitwa jina lake.

Kwa mkupuo mmoja mrefu, vilevile kama zamani. Ila haukupita mitaa. Ulikuwa mdogo, laini, na ulitoka palepale, kama kwenye hedifoni, ndani ya sikio la kulia. Aligeuka ghafla mpaka mumewe akamuuliza kulikoni. Mumewe hakuwa amesikia chochote.

Fundi aliingia ndani, akachukua pamba, akafuta sikio. Pamba ikatoka imelowa, njano, ina joto. Ilinuka maji ya vyombo yaliyolala. Akanawa kwa sabuni, mara tatu. Huko sikioni jina lake likaitwa tena, na mwisho wa jina mtu akameza mate.

Akamhamishia mtoto bega la kushoto. Akafunga mlango. Hakuitika.