Dirisha Lililorudi

Kila alipotoka sokoni Karurumo, Purity aliyakuta macho ya mama mkwe wake dirishani. Yalimfuata tu, kutoka njiani mpaka mlangoni, na yalimchosha sana.

Mama mkwe alipozikwa, Purity alimwomba mumewe, Ndwiga, alizibe dirisha lile. Alisingizia vumbi. Ndwiga, mtu wa pupa, aling'oa fremu asubuhi, akapanga mawe, na jioni ileile akapiga plasta.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Purity akifagia chumba, aliona mistari minne ukutani, myembamba kama unywele, na pembe zake nne. Lilikuwa dirisha lilelile. Ndwiga akaziba kwa simiti. Mvua ya pili, mistari ikarudi palepale. Sasa ilipitisha upepo baridi, na upepo ulisikika kama mtu anayevuta pumzi. Purity aliogopa. Alijua ni nani anayetaka dirisha lake, na alijua ni nani aliyetaka lizibwe. Akaanza kufunga nguo arudi kwao.

Jirani yao Nelius, fundi wa mawe, alimkuta na mzigo mlangoni. Purity akamweleza yote, hata ule uongo wa vumbi. Nelius hakucheka. Aligonga ukuta kwa nyundo, akasikiliza.

"Mama Munyi, wafu wanataka nini, mimi sijui," alimwambia Purity. "Lakini mawe haya hayajashikana na ukuta. Yamesimama hapa kama wageni."

Akaeleza kwamba mawe makavu hunywa maji ya simiti, nayo ikashindwa kushika. Tena kando za dirisha zilikwenda wima, juu mpaka chini, bila kuumana na mawe ya zamani. Plasta ilidanganya macho, lakini haikudanganya mvua.

Kesho yake walibomoa. Boriti ya simiti iliyo juu ya dirisha haikuguswa, maana ndiyo inayobeba ukuta. Pengo lilipokuwa wazi, Purity alisimama hapo kwa mara ya kwanza, akitazama nje. Aliona njia yote, hadi kona ile ambapo bodaboda huanguka.

"Kumbe alikuwa akingoja nifike," alisema, machozi yakamtoka.

Ndwiga akauliza kama walirudishe dirisha. Purity akasema lizibwe, maana aliyemngoja hayupo tena, ila safari hii vizuri.

Nelius alichonga meno kando zote mbili, mawe mapya yaingiliane na ya zamani kama vidole vya mikono miwili. Kila jiwe alililowesha kwanza. Chini ya boriti alishindilia simiti nzito, pasibaki mwanya. Ndwiga aliumwagia ukuta maji siku saba, akafunika maungio kwa wavu wa waya, ndipo akapiga plasta.

Mvua kubwa imenyesha mara mbili tangu hapo. Ukuta haujapasuka, na Purity hulala chumba kile bila hofu. Lakini akitoka sokoni, akiipita ile kona, huinua mkono kuelekea ukuta mtupu. Juzi Ndwiga alimuuliza anampungia nani.

"Namwambia nimefika," alijibu.