Kofia ya Marehemu Gama

"Vua hiyo kofia, Kikoti. Vua kabla sijaivua pamoja na kichwa chenyewe."

"Sivui. Mwenyewe kaniachia mimi. Alijua nyie Wangoni hamna vichwa vya kuvalia kofia."

"Sikia huyu Mhehe. Babu zenu walivyokimbia vita, viatu wanavitafuta mpaka leo."

"Walivivua makusudi, Kristina, ili wawafukuze babu zenu vizuri."

Korido ya ghorofa ya tisa, Jengo la Zabibu, Dodoma, ilikuwa imejaa watu. Ilikuwa arobaini ya Mzee Gama, na Kikoti, jirani wa mlango wa pili, alikuwa amechomoa pama, ile kofia pana ya marehemu, msumarini na kulivaa upande, kama mwenyewe alivyolivaa. Akaanza kutembea kama Gama, goti moja likigoma, akikohoa kile kikohozi cha kudai chai. Bi Kristina, mjane, akashika mwiko. "Nitakuua leo," akasema huku akicheka, na machozi yakamtiririka.

Juu yao, Msuluhishi akateleza kwenye reli ya darini. Kilikuwa chombo cha duara, kipana kama sinia la pilau, chenye akili mnemba iliyopima sauti, joto la uso na mapigo ya moyo, kisha ikatabiri kosa kabla halijatendeka. Taa yake ilikuwa ya kijani. Ikawa ya njano. Ikawa nyekundu, na kioo kikashuka katikati ya korido, Kikoti upande huu, mjane upande ule.

"Raia Kikoti," chombo kikasema kwa upole. "Umechukua mali ya marehemu, umemkejeli mfiwa, umeamsha tishio la kuua. Utahamishiwa jengo jingine jioni hii."

Vicheko vikakatika.

"Hakunikosea kitu," Bi Kristina akasema, akigonga kioo kwa mwiko. "Ni mtani wangu."

"Anayeonewa mara nyingi humtetea anayemwonea. Kauli yako haitatumika."

Sekela, aliyekuwa akikata vitunguu mlangoni, aliifahamu kanuni hiyo. Ilitokana na utafiti wa wanawake waliopigwa wakasema wameanguka, na ilikuwa imeokoa wengi. Aliisifu mwenyewe katika tasnifu yake ya uzamili ya elimujinai na haki. Korido nzima ilimjua kwa masomo hayo, ingawa wenyewe walisema kwa kifupi kwamba mtoto wao anasomea wizi. Mama yake alipofariki, yeye angali mdogo, korido ndiyo iliyomlea. Akilala kwa huyu, akila kwa yule, akigombezwa na wote.

Akaweka chini kisu cha vitunguu, akafuta mikono, akafungua kishikwambi chake. Mji ulimpa mtafiti ruhusa ya kusahihisha hukumu ya chombo, ruhusa ambayo hajawahi kuitumia. Sura yake ya nne ilisema Msuluhishi hajakosea hata mara moja.

Akazipitia kesi za sura hiyo. Mtu amevaa koti la marehemu, akahamishwa. Mwanamke amelala mlangoni akiwazuia waombolezaji huku akiwatukana, akahamishwa. Mzee amemwigiza maiti, akahamishwa. Kesi hizo zote Sekela alizihesabu kama maovu yaliyozuiwa, bila kuuliza kama waliohamishwa walikuwa watani wa wafiwa. Sasa aliwaona wajane nyuma ya milango yao, hakuna wa kuwachokoza, wakilia kwa adabu.

"Mtafiti," Msuluhishi akasema, "ukisahihisha, kesi zote zinazofanana zitafunguliwa upya, zikiwemo za tasnifu yako. Unathibitisha?"

Jumatatu alitakiwa kuitetea tasnifu hiyo. Sura ya nne ikianguka, shahada ingerudi nyuma mwaka mzima, pengine zaidi. Akamtazama Kikoti nyuma ya kioo. Mzee alikuwa anaogopa, lakini pama bado kaliinamisha upande ule ule, asije akamvunja moyo mjane.

"Nathibitisha. Andika kwamba huu ni utani wa msibani. Mtani anavaa kofia ili mfiwa amwone mtu wake mara moja tena, acheke, alie, aanze kula."

"Kitu hicho sinacho kwenye kumbukumbu."

"Ndiyo maana nakupa. Na wote waliohamishwa kwa jambo hili, warudishwe kwao."

Taa ya chombo ikarudi kijani. Kioo kikapanda.

Kikoti alimshika Sekela mikono yote miwili. "Asante, mama. Nimezeeka kwenye korido hii, ningeanzaje kutukanana na watu nisiowajua?"

"Mimi ndiye wa kushukuru, baba. Mmenilea."

"Na Jumatatu je?" Bi Kristina akauliza.

"Nitakwenda kuwaambia nilipokosea. Halafu nitaanza upya. Safari hii nitawauliza wafiwa kwanza."

Mjane akamgeukia Kikoti. "Haya, kofia."

"Paja la jogoo kwanza."

"Mwizi mkubwa wewe. Tangu tumzike sijacheka, umenifanya nicheke mbele za watu na kanga imenilegea." Akamshika Sekela mkono, akasukuma mlango kwa kiwiko. Ndani harufu ya wali ilishatangulia, na kiti cha marehemu kilikuwa kitupu kwenye kona yake.

"Kaa pale, mwanangu. Na wewe Mhehe, pita na hiyo kofia yako. Ingieni tule."